Printa Imesasishwa, Sasa Inakataa Wino wa Kampuni Nyingine

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina duka la steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Mwaka jana niliagiza printa kutoka Kariakoo, ikaletwa kwa basi, na niliichagua kwa sababu moja tu: muuzaji alinihakikishia, na boksi lake linasema hivyo, kwamba inapokea katriji (vikasha vya wino) za kampuni yoyote. Kwa miezi minane ilizipokea. Wiki mbili zilizopita iliomba kusasisha programu, nikakubali. Kesho yake asubuhi alikuja mwalimu na mtihani wa moko wa kurasa sita, akitaka nakala arobaini. Printa ikaandika kwamba katriji haitambuliki, nami nikamrudishia karatasi zake. Fundi anasema hakuna kilichoharibika. Je, mtengenezaji ana haki ya kuninyang'anya kitu nilichokwisha kukilipia?

JIBU: Marahaba, dada. Fundi wako yuko sahihi kwamba printa ni nzima, na hapo ndipo ugumu ulipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji akupe bidhaa inayolingana na maelezo yake na inayofaa kwa kazi uliyomweleza, lakini kipimo chake kikuu ni hali ya bidhaa siku ilipouzwa, na siku ile printa yako ilikuwa inapokea kila katriji. Muuzaji wa Kariakoo atasema, wala hatakuwa mwongo, kwamba hajaigusa tangu ilipopakiwa kwenye basi.

Sheria hiyo hiyo ina sharti ambalo wengi hulisahau: mnunuzi ana haki ya kukitumia alichonunua bila kubughudhiwa. Sheria yetu imefuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na huko, katika shauri la Rubicon dhidi ya United Paints, muuzaji aliyeufunga kwa programu mfumo wa kompyuta aliouuza mwenyewe alionekana amevunja sharti hilo. Hukumu hiyo haizibani mahakama zetu, ingawa inaweza kuzishawishi. Tatizo ni kwamba kule aliyefunga ndiye aliyeuza, ilhali kwako aliyeuza ni mmoja na aliyefunga ni mwingine, ambaye hukununua kwake moja kwa moja.

Kwa hiyo mimi ningemfuata mtengenezaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kifungu chake cha 15 kinakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Hapa kila kitu kinategemea ujumbe uliouona kabla ya kukubali. Ikiwa ujumbe huo ulitaja usalama tu na kunyamaza kuhusu katriji, una hoja nzito. Ikiwa ujumbe ulieleza wazi, utaonyeshwa kwamba ulibonyeza mwenyewe. (Ni nani asomaye masharti yale huku wateja wamepanga foleni? Lakini ndivyo watakavyojitetea.)

Fedha nyingi usizitarajie. Tarehe 1 Aprili 2010 kampuni ya Sony iliondoa kwenye PlayStation 3, mashine yake ya michezo ya video, uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji kama Linux, uwezo ambao iliuuza nao tangu 2006, na aliyekataa kusasisha alikosa kucheza kupitia mtandao wa kampuni. Wanunuzi wa Marekani walishtaki, na baada ya miaka mingi yakapatikana maridhiano ya fedha kidogo tu kwa kila aliyestahili.

Leo hii piga picha ujumbe ulio kwenye printa, na pande zote za boksi, hasa palipoandikwa habari za katriji. Tafuta risiti ya EFD. Kisha mwandikie muuzaji na mtengenezaji barua moja, ukidai uwezo ule urudishwe au urejeshewe fedha, na uwape siku kumi na nne. Wakikaa kimya, peleka nakala zote Tume ya Ushindani. Zima pia usasishaji wa kiotomatiki. Na printa yenyewe usiirudishe Kariakoo kabla muuzaji hajakubali kwa maandishi kuipokea, kwa maana ikifika na kioo kimepasuka mtaanza kubishana kuhusu kioo.