Vitanda vya wazee virudi, ila tuombe kwa hesabu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama serikali itoe fedha za kurudisha vitanda vya wazee vilivyofungwa hospitalini. Itoe, na ilishachelewa. Kinachoniuma ni namna tunavyoomba, kwa sababu kampeni ya aina hii inaweza kushinda na wodi isifunguke.

Hutokea hivi. Sahihi zinakusanywa, mbunge anauliza swali, waziri anaahidi vitanda 24. Fedha zinatoka kwenye bajeti ya maendeleo: ukarabati, magodoro, mabomba ya oksijeni. Mishahara iko kwenye matumizi ya kawaida, fungu jingine kabisa, na hakuna aliyeiombea. Utepe unakatwa, kisha kufuli linarudi mlangoni.

Basi tupige hesabu. Vitanda 24, muuguzi 1 kwa wagonjwa 8, ni wauguzi 3 wodini usiku na mchana. Wiki ina saa 168, kwa hiyo zinatakiwa saa 504 za kazi. Muuguzi akifanya saa 40 kwa wiki, wanahitajika karibu 13. Likizo, ugonjwa na mafunzo vikimega sehemu ya tano ya muda wao, unafika 16. Hapo daktari, wahudumu wa wodi, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) na afisa ustawi wa jamii hawajaingia. Ombi lisilo na namba hizi, hata likibeba sahihi za mji mzima, linampa ofisa wa Hazina nafasi ya kujibu kwa pongezi tu.

Huyo wa fiziotherapia ndiye wa kwanza kukatwa bajeti ikibana, na kwa mzee ndiye angepaswa kuwa wa mwisho. Mzee aliyelazwa kwa nimonia anaweza kupona kifua huku miguu ikimwishia kitandani. Akiwekewa mpira wa mkojo asiouhitaji, anapata maambukizi. Akipewa dawa ya usingizi ili wodi itulie, anachanganyikiwa, anashuka kitandani gizani, anavunjika nyonga. Siku ya kuruhusiwa hawezi kufika chooni, nyumbani hakuna wa kumnyanyua, na kitanda kinabaki kimezibwa na mtu ambaye kitabibu amepona.

Jambo hili lilishaonekana zamani, na anayelidai leo sharti amjue Marjory Warren, daktari wa Uingereza. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, London, ilikabidhiwa hospitali ya nyumba ya maskini iliyokuwa jirani yake, na daktari huyo akapewa dhamana ya wagonjwa 714. Wengi walikuwa wamelala miaka, wakihesabiwa kuwa hawaponi, wamechanganywa ovyo: aliyepooza upande mmoja kando ya aliyepoteza kumbukumbu, kando ya aliyekosa tu pa kwenda. Hakuanza kwa kuomba jengo. Alimpima kila mmoja, akaandika ugonjwa wake, akawatenganisha kwa mahitaji yao. Akapaka wodi rangi, akaongeza mwanga. Waliolala wakakalishwa, waliokaa wakasimamishwa, waliosimama wakafundishwa hatua chache hadi dirishani, kisha hadi chooni. Waliopooza wakafanyishwa mazoezi mapema, kabla viungo havijakakamaa. Wengi wao wakarudi nyumbani au kwenye makao ya wazee, na vitanda alivyohitaji vikashuka hadi takribani 240. Mwaka 1943 na 1946 aliandika katika majarida ya kitabibu akitaka kila hospitali kuu iwe na kitengo cha wazee chenye wataalamu wake. Tiba ya wazee kama fani ya hospitali za Uingereza ilianzia pale, kwa mwanamke aliyekataa kuwaacha watu walale mpaka wafe.

Niseme wazi kwamba mfano huu unainyoosha pia hoja yangu mwenyewe. Nilianza nikitaka virudi vyote. Lakini chukueni wazee 600 kwa mwaka, kila mmoja akilala siku 14 kwa wastani: ni siku 8,400 za kitanda. Gawanya kwa 365, kisha kwa 0.85, yaani vitanda vijae asilimia 85 tu ili ibaki nafasi ya dharura, unapata vitanda 27. Timu kamili ikishusha wastani hadi siku 10, wazee wale wale wanatosha katika 20. Kwa fedha za vitanda 7 vilivyobaki, pengine mzee angefaidika zaidi na muuguzi wa kumfuata nyumbani.

Lakini msiwakabidhi hoja hii waliofunga wodi. Warren alipunguza vitanda baada ya watu kutembea. Wao wamepunguza kwanza. Na wastani wa siku unaweza kushushwa kwa hila: mzee anaruhusiwa mapema, anarudi ndani ya wiki mbili, anahesabiwa mgonjwa mpya. Kwa hiyo ningedai idadi yote iliyofungwa irudi sasa, pamoja na watumishi wake, kwenye kasma isiyohamishika. Ipitiwe baada ya mwaka, na kitakachookolewa kibaki kwenye huduma ya wazee. Mahali ambapo huduma ya nyumbani haipo kabisa, hata mapitio hayo yasubiri.

Kabla ya sahihi yoyote, iandikieni hospitali barua mkitaka namba tatu: wastani wa siku za kulazwa kwa wenye miaka 65 na zaidi, idadi ya wanaorudi ndani ya siku 30, na idadi ya waliopona ambao bado wamelala wakisubiri pa kwenda, pamoja na sababu. Hiyo ya tatu isiposemwa sababu zake, rudisheni barua. Na zipatikane kabla wizara haijafunga makadirio yake. Bajeti ikishasomwa bungeni, mnaomba mwaka unaofuata.