Pilau yangu wameiita "tofauti", na kahawa walizoniahidi sijazinywa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili. Houston, Texas, nimekaa miaka tisa na kule nilishakuwa mwenyeji: jirani anakukumbatia siku ya kwanza, muuza duka anakuita "honey". Mwezi wa nane mwaka jana mume wangu alipata kazi St. Paul, Minnesota, tukahama. Tangu hapo watu wananitabasamia tu. "Lazima tunywe kahawa siku moja," halafu siku yenyewe haifiki. Kazini kila mtu alitakiwa alete chakula, nikapika pilau ya nguvu. Wakaonja, wakasema "oh, that's different". Nikafurahi, mwezi uliofuata nikaja na sufuria kubwa zaidi, ikarudi nyumbani karibu nzima. Juzi nilikula kipande cha mwisho cha keki, chumba kizima kikanyamaza. Mwanangu wa miaka sita naye karudi shuleni analia eti hajui kucheza bata. Mume wangu ananiambia nivumilie. Mimi nataka kurudi Houston. Nimekosea wapi? – Mama Wawili, St. Paul*

Marahaba mwanangu, na pole. Kwenye pilau nimecheka, nisamehe. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa hapa Minnesota, na neno hilohilo niliwahi kulishangilia.

Mtu wa huku akisema chakula ni "different", kimemshinda. Akisema ni "interesting", kimemshinda zaidi. Kikimkolea hasa, mpaka anatamani kuramba sahani, atakwambia "not too bad", yaani si kibaya sana. Hapo ndipo ungepiga vigelegele.

Kosa lako ni kwamba unawasikiliza kwa masikio ya Houston. Texas mtu akikwambia njoo, ni njoo kweli, na usipofika atakupigia simu kuuliza umekwama wapi. Masikio hayo yaweke kabatini, uvae yale uliyozaliwa nayo. Kwenu Tanga mtu akipita barazani akakuta watu wanakula, anaambiwa "karibu chakula". Anakaa? Anasema "ahsante, nimeshiba," hata kama tangu alfajiri hajatia kitu tumboni, na anaendelea na safari yake. Wasingemkaribisha angenuna. Angejiketia palepale akanawa mikono, wangelizungumza mpaka Ijumaa. Na "inshallah nitakuja" za mama zako wadogo, wewe ulikuwa unajua ipi ni ya kuja na ipi ni ya kukupitisha tu. Hukufundishwa na mwalimu.

Sasa hawa wenyeji wako, ambao wengi wao babu zao walitoka Sweden, Norway na Ujerumani, ni watu wa pwani waliokosa bahari ya moto. Hawasemi hapana. Wanakuzungushia, wanakuachia uelewe. "Lazima tunywe kahawa" ni "karibu chakula" yao. Ukitaka igeuke kahawa yenyewe, ipe siku na saa: "Jumamosi saa nne nachemsha chai ya tangawizi, njoo na watoto." Atasema hapana, hataki kukusumbua. Mwambie tena. Atasema labda siku nyingine. Mwambie mara ya tatu. Wengi wa watu wazima huku hawapokei kitu kabla ya mara ya tatu, na wewe naona umeishia mara ya kwanza ukaenda kulia chumbani. Ukikaribishwa kwao, nawe kataa mara mbili kabla ya kupokea. Viatu vivue mlangoni bila kungoja kuambiwa. Hilo angalau hutajifunza upya. Na ukiaga, usifungue mlango ukaenda. Utasimama kwenye viti dakika kumi, mlangoni dakika kumi, kwenye gari dirisha likiwa wazi dakika kumi nyingine, baridi inakung'ata masikio. Mwanamke wa Tanga ataniambia hajui kusindikiza mgeni?

Keki, sasa. Siku nyingine kaa pembeni uangalie. Donati moja imebaki kwenye boksi saa tatu asubuhi. Anakuja mtu na kisu cha plastiki, anakata nusu, anaondoka bila kumtazama mtu usoni. Anakuja wa pili, anakata nusu ya nusu. Kufika saa nane mchana kimebaki kijipande kama ukucha wa kidole gumba, sukari yake imekauka, na kitalala hapo mpaka msafishaji akitupe. Wewe ulikula kipande kizima. Si dhambi, na wameshasahau. Ila umeonekana.

Mtoto asikuumize kichwa. Karibu Marekani nzima watoto hukaa duara, mmoja anawazunguka akiwagusa vichwa, "duck, duck", na akitamka "goose" aliyeguswa anainuka kumkimbiza. Minnesota wana yao: bata wanapewa rangi, bata mwekundu, bata wa buluu, na mbio zinaanza kwa "gray duck", bata wa kijivu. Mwanao kapiga kelele ya "goose" na hakuna aliyeinuka. Mwonyeshe ujanja wa wenzake, aivute ile "grrr" ili wasijue kama inakuja "green" au "gray". Wiki moja tu, atakuja kukusimulia wewe.

Nikwambie na lile gumu. Hata ukishajua lugha yao, wengi hawatakuwa marafiki zako wa ndani. Si rangi yako kila mara, ingawa na hiyo ipo, nisikudanganye. Ni kwamba viti vyao vimejaa. Mtu ana miaka arobaini na marafiki zake ni walewale aliosoma nao chekechea, Jumapili yuko kwa mama yake, majira ya joto yuko kwenye kibanda cha ukoo kando ya ziwa. Anakupenda, lakini hana pa kukuweka. Ukimng'ang'ania huyo, utachoka. Tafuta waliohamia kama wewe, nao ni wengi kuliko unavyodhani. Brooklyn Park kuna Wakenya kila kona. Cedar-Riverside, Minneapolis, kuna Wasomali ambao wengi wao walipitia Dadaab au Eastleigh kule Kenya, na ukiagiza chai kwa Kiswahili utajibiwa kwa Kiswahili. Kama unaswali, jua kwamba tangu 2023 Minneapolis inaruhusu adhana zote tano kwa vipaza sauti. Mimi siku niliyoisikia ya alfajiri nikiwa kituo cha basi, theluji imenifika kwenye vifundo vya miguu, nilikaa chini kwenye benchi lililoganda.

Lakini usihamie huko moja kwa moja ukampa kisogo jirani. Upendo wa watu hawa hauko mdomoni, uko kwenye koleo la theluji. Siku moja utaamka ukute njia ya mlangoni kwako imesafishwa mpaka kwenye ngazi, na hakuna aliyebisha hodi. Fuata nyayo, zitakupeleka kwa yule mzee wa nyumba ya pili asiyejua hata jina lako. Usimpelekee pesa, utamtukana. Mpelekee vitumbua vya moto kwenye sahani, si kwenye kopo la kutupa, ili awe na sababu ya kuja kuirudisha. Atakataa mara mbili, idadi unaijua. Sahani ikirudi, haitarudi tupu.

Akikosa la kuongea, muulizie samaki. Mzee akitobolea barafu ya ziwa shimo la upana wa sufuria, akaketi juu ya ndoo kutwa nzima kwa ajili ya "walleye" wawili, ana maneno mengi ya kumwaga, kakosa tu wa kumuuliza. Na wewe umekulia kwenye harufu ya ngalawa.

La gari nalitaja harakaharaka kwa sababu lilinigharimu. Dharura ya theluji ikitangazwa St. Paul, barabara zenye kibao cha usiku zinazolewa theluji kuanzia saa tatu usiku. Toa gari kabla. Mimi nililala, nikaamka gari halipo, nikadhani nimeibiwa, kumbe limevutwa. Na kama bado mna namba za Texas, mmeshachelewa: anayehamia jimboni anapewa siku 60 kuzibadilisha.

Mumeo anayekuambia uvumilie ana wenzake kazini wa kula nao mchana. Mwachie watoto Jumamosi mbili kwa mwezi, ajue wewe unavumilia nini.

Kuhusu kurudi Houston, sikatai. Ila uamuzi huo usiufanye Machi. Hakuna anayemjua jirani yake Minnesota kati ya Novemba na Aprili. Ngoja barafu iyeyuke watoke mashimoni, ngoja maonyesho ya jimbo mwishoni mwa Agosti, siku kumi na mbili ambazo watu haohao walionyamazia keki wanakula kila kitu kwenye kijiti wakiwa wamesimama na wanacheka na wasiowajua. Baada ya hapo, kama roho bado iko Texas, niandikie tuhesabu nauli.

Wakati huohuo, pilau pika nyumbani kwako, kwa watu wako, na hiliki usipunguze hata punje. Kazini Ijumaa peleka mandazi. Yatafanana na kitu wanachokijua. Likibaki moja, acha walikate nusu, na nusu ya nusu, usiliguse. Mtu akikusogelea kwenye mashine ya kahawa akakuuliza kwa sauti ya chini kama hayo mandazi ni magumu kupika, huyo anataka umletee tena. Na ukimletea atakataa.