Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ketuba

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni lazima mwandike ketuba, hati yetu Wayahudi ya ndoa, maana mchumba wako anaona kutaja humo zuzi 200, zile sarafu za fedha za kale, ni kukupangia bei. Mahari ndiyo huja kwetu wazazi. Ketuba ni deni la mume kwa mkewe: akimwacha au akifa, mke alipwe. Haki ya mke ya chakula, mavazi na unyumba imo katika Kutoka 21, na wahenga wa Talmudi, kitabu cha mafundisho ya walimu wetu wa kale, walieleza sababu ya deni: isiwe jambo jepesi machoni pa mume kumfukuza mkewe.

Lakini ndoa inashikwa na Ijumaa jioni, Sabato inapoingia. Hilo nimewaambia tangu mko wadogo.

Unamkumbuka Jaja, shangazi yangu. Alirudishwa nyumbani na mumewe enzi za Amin, wakati dini yetu imepigwa marufuku na Sabato tunaishika madirisha yamefungwa. Alifika Ijumaa, jua linakaribia kuzama, mkononi ana bunda la nguo, basi. Ketuba hakuwa nayo. Bibi hakumuuliza neno, alimpa kiberiti awashe mishumaa. Tukakaa mezani. Babu, kama kawaida yake, akaanza kwa sauti ya chini ile Mithali ya 31: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Shangazi akainuka, akatoka. Babu alimaliza wimbo wote. Mpaka leo sijui kama angenyamaza ingekuwa heshima au ingekuwa kumzika akiwa hai. Nikiusikia wimbo ule, hata kwa sauti nzuri ya baba yako, chakula hakipiti.

Je, karatasi ingemzuia yule mwanamume? Nadhani hapana. Mwenye nia ya kufukuza atafukuza. Lakini angelipa, na shangazi asingehesabiwa kila kijiko cha unga na wake za kaka zake. Kati ya walimu wetu wa kale, shule ya Hillel iliruhusu mume amwache mke hata kwa kuunguza chakula. Ile ya Shammai ilikataa, isipokuwa kwa uasherati. Kama Hillel ndiye anayefuatwa, basi hilo deni lazima liwepo! Halafu najiuliza, mbona Torati hiyo hiyo, Kumbukumbu 24, inamwondolea bwana harusi vita mwaka mzima akae nyumbani amfurahishe mkewe? Mwaka mzima, mwanangu. Hilo halilipwi kwa zuzi. Ndiyo maana nasema Ijumaa. Lakini shangazi naye alikuwa na Ijumaa zake kwa yule mume, tena hakukosa hata moja.

Kuhusu mchumba wako mwenyewe, baba yako amenikataza kusema, nami nimekubali, ingawa neno liko hapa ulimini. Wewe mpe aisome ketuba yote, na mashahidi wawili atakaowataka awataje mwenyewe. Kisha muulize kama yuko tayari isomwe kwa sauti chini ya hupa, kile kitambaa cha kufungia ndoa, baba yako na wajomba zako wakisikia. Nipigie simu jibu lake kabla hamjachapisha kadi.

Mama yako