Sadfa: hesabu kwanza, maana baadaye

Swali la wiki hii lilikuwa: mtu unayemuwaza anapokupigia simu papo hapo, je, ni bahati tu au kuna jambo? Kwa sadfa moja swali hilo halijibiki, hata iwe ya kusisimua mwili kiasi gani. Linajibika kwa kuhesabu, na wengi tunahesabu vibaya kwa sababu tunaanzia mwisho: jambo limeshatokea, ndipo tunauliza uwezekano wake ulikuwa mdogo kiasi gani.

Tuichukue hiyohiyo simu. Tuseme una watu 20 wa karibu na kila mmoja hukupigia mara 3 kwa mwezi. Jumla simu 60. Kila mmoja hukupitia akilini mara 10 kwa mwezi, nawe umeamua kwamba simu ikiingia ndani ya dakika 10 baada ya kumuwaza, hiyo ni sadfa. Kwa hiyo kila mtu ana dakika 100 katika mwezi ambazo simu yake ingekushtua. Ukiwa macho saa 16 kwa siku, mwezi wa siku 30 una dakika 28,800. Nafasi ya simu moja kuangukia ndani ya zile 100 ni 1 kati ya 288. Zidisha kwa simu 60, unapata kama 0.2 kwa mwezi, yaani mara mbili au tatu kwa mwaka bila muujiza wowote.

Hesabu hiyo bado ni ya kibahili, kwani imechukulia kwamba simu na mawazo vimetawanyika sawasawa mchana kutwa. Sivyo watu wanavyoishi. Wengi hupiga simu jioni baada ya kazi, na jioni hiyohiyo ndipo akili inapotulia na kukumbuka watu. Simu na mawazo vikibanwa vyote ndani ya saa 4 za jioni, dakika 28,800 zinashuka hadi 7,200, na sadfa zinapanda mara nne, hadi kama 10 kwa mwaka. Anayepata simu tatu za namna hiyo kwa mwaka hana la kueleza. Anayepata 40 anayo haki ya kudadisi.

Kosa linaloharibu hesabu kuliko yote ni kulegeza masharti njiani. Leo unasema dakika 10, kesho simu inakuja baada ya dakika 50 nawe unaihesabu kwa sababu imekugusa. Umeshaongeza nafasi mara tano bila kujua. Vivyo hivyo kwa "hakupiga yeye, ila alipiga dada yake".

Wanatakwimu wa Marekani Persi Diaconis na Frederick Mosteller waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1989, na hoja yao moja inafaa kubandikwa ukutani: idadi ya nafasi ikiwa kubwa vya kutosha, hata jambo la ajabu kabisa litatokea. Mfano unaojulikana ni wa siku za kuzaliwa. Watu 23 wakiwa chumba kimoja, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja ni asilimia 50.7. Watu hukataa kuamini kwa kuwa kila mmoja hujiwaza yeye mwenyewe, ilhali watu 23 wanatengeneza jozi 253. Ukitaka anayechangia tarehe yako wewe, ndipo unahitaji wenzako 253 ili kufikia nusu. (Namba hiyo kujirudia si sadfa: pande zote mbili unalinganisha tarehe mara 253.) Na ukikubali pia tarehe zinazofuatana, watu 14 wanatosha.

Bahati nasibu ya Bulgaria ilitoa namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42 tarehe 6 Septemba 2009, kisha ikazitoa tena hizohizo tarehe 10, katika droo iliyofuata. Kuna michanganyiko 5,245,786 ya namba sita kati ya 42, kwa hiyo serikali ikaamuru uchunguzi. Kuchunguza ni sawa. Ila swali la haki halikuwa kuhusu siku ile tu; lilihusu droo zote zinazofuatana katika bahati nasibu zote duniani kwa miongo yote.

Sasa daftari, maana bila daftari haya yote ni maneno. Andika tarehe na saa, kilichotokea kwa sentensi moja, ulichokuwa ukikiwaza au kukingoja kabla yake, na chochote ambacho kingeweza kuunganisha mambo hayo mawili. Andika ndani ya saa moja. Kumbukumbu hupiga msasa: "nilimuwaza asubuhi" huwa "nilimuwaza dakika ileile" kabla ya wiki kwisha. Masharti, yaani dakika ngapi na nani anahesabiwa, yaandike ukurasa wa kwanza kabla ya kuanza, na usiyaguse.

Ugumu uko kwenye mara zilizokosa, zile ulizomuwaza mtu na simu ikanyamaza. Hakuna awezaye kuandika kila wazo. Njia inayowezekana ni sampuli: weka kengele ya simu ilie mara 5 kwa siku kwa nyakati zisizo na mpangilio, na kila inapolia andika ni nani yuko akilini, au andika "hakuna". Kwa siku 30 unapata maingizo 150. Kisha linganisha na orodha ya simu zilizoingia, ambayo simu yenyewe inaitunza kwa dakika. Hiyo orodha haina mapenzi na mtu. Ikipingana na kumbukumbu yako, ifuate.

Kwa neno au jina jipya linaloanza kukufuata kila mahali, kipimo ni kingine. Mwanaisimu Arnold Zwicky aliipa hali hiyo jina mwaka 2005, akaieleza kuwa ni macho kuchagua, kisha akili kuthibitisha. Chagua neno la pili, adimu kama hilo lakini ulilolijua zamani, uhesabu yote mawili kwa wiki mbili. Halafu tafuta neno jipya katika jumbe zako za miezi iliyopita. Mara nyingi utalikuta limelala humo.

Ile safu ya kinachoweza kuunganisha usiidharau. Marafiki wawili wanakumbukana siku moja kwa sababu wote wamesikia habari ileile, au ni tarehe ya msiba wanayoijua wote. Na kuna mara ambapo sababu iliyojificha ni kubwa kuliko yote. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kila wiki ya afya nchini Marekani ilieleza vijana watano wa Los Angeles waliopata aina moja ya nimonia isiyo ya kawaida kwa watu wa umri wao. Angetokea wa kusema "bahati mbaya tu" angeonekana mwenye busara. Zilikuwa taarifa za mwanzo za UKIMWI.

Na maana? Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika andiko lake la mwaka 1952, alisimulia kuhusu mgonjwa aliyekuwa akimweleza ndoto ya mbawakawa wa dhahabu. Kitu kikagonga dirisha, Jung akafungua na kumdaka mbawakawa. Sikubaliani naye kwamba hapo kuna kanuni ya asili isiyo ya sababu na matokeo. Lakini aliona vizuri jambo moja: sadfa hushika pale ambapo mtu tayari ana mzigo. Ndiyo sababu ya safu ya tatu ya daftari, ile ya ulichokuwa ukikiwaza. Isome peke yake baada ya miezi miwili, ukiwa umefunika nyingine. Jina lilelile likijitokeza mara nane, huna haja ya kungoja simu yake, mpigie wewe.

Kuna wasiofaa kupewa zoezi hili. Mwaka 1958 daktari wa akili wa Ujerumani, Klaus Conrad, alieleza hatua ya mwanzo ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia ambapo kila kitu, kuanzia namba za magari hadi maneno ya mtangazaji, kinaanza kumsemesha mgonjwa. Mtu akiwa hapati usingizi, ana hakika ishara zote zinamlenga yeye, na anaanza kuzitii, usibishane naye juu ya uwezekano, wala usimpe daftari; litamwongezea ishara za kusoma. Mpeleke mapema kwa daktari wa afya ya akili, na asiende peke yake.