Mwenye njaa atakuja?

Mhariri, mmeuliza kama mitaa yetu ianzishe chakula cha pamoja kila wiki ili kupunguza njaa na kurudisha ujirani. Mimi niko Uyole, Mbeya, na langu ni swali jingine: mwenye njaa mwenyewe atakuja?

Huku kwetu kukosa unga ni aibu. Malori ya mahindi yanashuka kutoka kwetu, mchele wa Kyela na Mbarali unasifiwa hadi Dar es Salaam. Ukisema huna kitu, utaulizwa ulikuwa wapi wenzako wakilima. Hawaulizi kama uliuza madebe yako Julai, bei ikiwa chini, mtoto apate sare na madaftari, halafu Februari ukayanunua mahindi yaleyale kwa bei ya kukata maini.

Kikundi kimoja kiliwahi kutupikia pilau Jumamosi. Getini wakaweka meza, daftari la majina na namba za simu, na kijana wa kupiga picha. Waliojaa ni bodaboda na sisi majirani tulioshiba. Mzee mmoja anayelea wajukuu, ambaye ndiye hasa aliyelengwa, alipita ng'ambo ya barabara na jembe begani. Nilimwita. Akasema ameshakula.

Haikupita wiki, ukatokea msiba mtaa wa pili. Mzee alikuwa wa kwanza kufika, na shoka lake. Akapasua magogo ya mlingoti, mabichi, yale ambayo moshi wake unawaliza wapishi kuliko wafiwa. Akagombana na vijana juu ya kupanga mafiga, eti sufuria itapinduka (na kweli ilikuwa imeinama). Akamtuma mjukuu maji. Chakula kilipoiva, wali, maharage na kabichi, alikaa mkekani na wazee wenzake, akala, akaongezewa, akaongezewa tena. Wajukuu walikuwa kwenye sinia na watoto wengine, hujui nani wa nani. Jioni mama mmoja wa jikoni akawajazia hotpoti, "mpelekeeni bibi." Ikawa hivyo mpaka matanga yalipoanuliwa, na kila asubuhi shoka lilisikika.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba hapana, msituanzishie kitu, tunacho tayari. Lakini tutasubiri afe mtu ndipo tule? Na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, Njombe nusu hivi, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 30. Huko si kwamba ugali haupo. Maharage yanauzwa, mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anashindia uji mtupu. Sufuria moja kwa wiki haitamtibu huyo, hasa wa chini ya miaka miwili, ambaye hata kwenye sinia hafiki.

Basi anzeni, ila Januari hadi Machi, ghala zikiwa tupu. Kila mtu aje na kitu: kibaba cha maharage, dagaa, parachichi, asiye na kitu aje na shoka. Daftari na kamera vibaki nyumbani. Wanaume nao wasonge ugali, maana najua mzigo huu utaishia kwa akina mama walewale. Na mwenyekiti akianza kupita nyumba kwa nyumba na stakabadhi za mchango wa lazima, hesabuni kwamba sikuandika barua hii.

Msomaji, Uyole, Mbeya