Hesabu za la saba, aanze na nini kati ya vipimo, aljebra na maumbo

Dada uliyeuliza dogo aanze na nini, mi naona asitenganishe kabisa, mpe maswali yanayochanganya. Mfano mstatili urefu umezidi upana kwa sm 3, mzingo sm 26, eneo ngapi? Upana auite x, urefu x + 3, basi 2(x + x + 3) = 26, akifungua mabano inakua 4x + 6 = 26, x ni 5, urefu 8, eneo sm 40 za mraba. Hapo kapiga aljebra na maumbo kwa mpigo, na wengi wanakwama kwenye mabano wanazidisha cha kwanza tu, mwangalie hapo.

Kwenye vipimo sasa ndo kuna mtego, mita 1 ya mraba ni sentimita za mraba 10,000 sio 100, mwambie achore kwa chaki sakafuni mita kwa mita ahesabu sentimita pande zote mbili, 100 mara 100, hatasahau. Eneo la duara wala usiwaze, nusu kipenyo sm 14 kwa pai 22/7 inakata vizuri tu, sm 616 za mraba.

Logarithimu bado kabisa, hiyo ya sekondari.