Jibu: Filamu ipi ya Rwanda niwaonyeshe wanafunzi?
Mwalimu wa Kondoa, umeuliza kati ya Hotel Rwanda na Shooting Dogs ipi inaonyesha vizuri jinsi dunia ilivyowaacha Watutsi mwaka 1994. Chukua ya pili. Ya kwanza inagusa moyo, ila mtazamaji anaondoka akimkumbuka shujaa mmoja, na waliokimbia wajibu wao wanasahaulika. Shooting Dogs ilirekodiwa Kigali, kwenye ETO yenyewe, shule ya ufundi ambako Watutsi walikimbilia kujificha, na baadhi ya manusura walishiriki kuitengeneza. Tulipoionyesha hapa Dodoma, ukumbi mzima ulinyamaza pale malori ya askari wa Ubelgiji, wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliokuwa wakiwalinda, yanapotoka getini na watu wanayakimbilia wakilia. Binti mmoja wa kidato cha nne akauliza kwa hasira, "Si wana bunduki hao? Wanaenda wapi?"

Waambie ilitokea kweli, Aprili 11. Siku 10 baadaye Baraza la Usalama likaamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270 hivi, mauaji yakiendelea!

Kasoro yake: wahusika wakuu ni Wazungu wawili, padri na mwalimu kijana. Hilo linaniuma mpaka leo. Ikiisha, wape muda wa kuzungumza, usiwaache waende bwenini moja kwa moja.